Unga wa manjano juu ya uyoga wa Chenene: ni nini, na utautambuaje?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Naishi upande wa msitu wa Chenene, kaskazini mwa Dodoma. Mvua zikikolea mimi na bibi yangu tunachuma uyoga. Mwingine tunakula, mwingine tunakausha na kuuza. Msimu huu tumekuta mambo matatu. Kuna uyoga mnene, chini ya kofia una vitundu kama sponji, umefunikwa na unga mweupe. Baada ya siku chache unga huo unakuwa wa manjano kama binzari. Kuna mwingine mdogo, mwembamba, umeota nywele zenye vichwa vyeusi kama pini. Na kuna mkubwa mweupe, umeota kwenye majani karibu na nyumba, chini ya kofia umekuwa wa kijani. Bibi anasema ni uzee tu. Jirani anasema tuuoshe kwa maji ya chumvi na kuuchemsha sana. Halafu kwenye simu nimeona Wamarekani wanakula uyoga wa rangi ya chungwa, wanasema umeshambuliwa na kuvu. Je, huu ni ugonjwa, au ni uyoga unaoota juu ya uyoga? Nitatofautishaje? Na naweza kuula?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na la kula, maana hilo halisubiri. Usile hata mmoja kati ya hizo aina tatu, na usiuchanganye na ule wa kuuza. Maji ya chumvi hayawezi kutoa kitu kilichokwisha kuingia ndani ya nyama ya uyoga, na moto wa jikoni hauvunji zile sumu za uyoga zinazoua. Hili sisi wa kanda ya kati tumelijua kwa uchungu: mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua, na wengine wakafa, kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na mahindi hayo yalikuwa yamesagwa na kusongwa ugali ukaiva vizuri. Kuvu ya mahindi si hizi unazoniuliza, ila kwa sumu nyingi za kuvu moto wa kupikia ni bure.

Sasa ulichouliza hasa. Katika mambo yako matatu, mawili ni kuvu inayoota juu ya uyoga. La tatu, ule wa kijani, hauna kuvu nyingine juu yake. Ni uyoga wenyewe ulivyo, na kusema kweli huo ndio unaonitia hofu kuliko yote. Nitaufikia.

Uyoga tunaouchuma ni tunda la kuvu. Mwili wake hasa ni nyuzi nyeupe nyembamba zilizotandaa udongoni, na katika msitu kama wa Chenene nyingi kati ya hizo zimejishikiza kwenye mizizi ya mitundu na miyombo, zinabadilishana chakula na mti. Mvua ikishiba ardhini, nyuzi zinatoa tunda. Tunda hilo ni laini, limejaa maji, halina ganda. Kwa viumbe wengine hapo ni chakula kilichotengwa mezani: funza wanaingia, konokono wanakula, na zipo kuvu ambazo kazi yake duniani ni kuishi juu ya kuvu wenzake. Hizo ndizo kuvu vimelea, na uyoga unaoshambuliwa tunauita mwenyeji.

Bibi yako mpe haki yake, kwa sababu nusu ya anachosema ni kweli. Uyoga uliozeeka, ukalala, ukaanza kunuka, huota ukungu wa kila namna, na ukungu ule umekuja kula mzoga tu. Kimelea cha kweli hakisubiri uzee. Kwa hiyo jambo la kwanza la kutazama ni umri wa mwenyeji. Ukikuta uyoga mchanga, kofia bado haijafunguka, nyama bado ngumu, na tayari umevikwa utando mweupe, hapo kuna aliyeuwahi ukiwa hai. Ukikuta utando kwenye uyoga uliokwisha kuwa uji, huwezi kusema kitu kwa uhakika, uache.

Kosa ninaloliona kwa wanafunzi wangu kila msimu ni kukimbilia rangi. Wananiletea kitu kwenye gazeti wakisema, "Mwalimu, hii ni kuvu ya njano." Rangi inakuambia kuvu imefika hatua gani ya maisha yake, jina lake halimo humo. Kuvu hiyo hiyo juzi ilikuwa nyeupe na kesho kutwa itakuwa ya kahawia. Mimi huwarudisha msituni wakatafute mwenyeji kwanza, kwa sababu kuvu hizi nyingi ni wachaguzi. Moja inakula uyoga wa vitundu tu. Nyingine inapenda ule unaotoa maziwa ukiuvunja. Nyingine haigusi kitu ila vile viyoga vidogo vya kofia kama kengele. Ukimjua mwenyeji, umeshabakiza majina machache.

Ugumu ni kwamba uyoga uliovamiwa umepoteza sura. Matamvua, yaani zile karatasi nyembamba zilizojipanga chini ya kofia, yanaweza kushindwa kuota kabisa. Shina linavimba. Rangi ya kofia imefunikwa. Basi piga magoti, utafute ndugu yake aliye mzima. Chini ya mti huo huo, hatua kumi kila upande, mara nyingi yupo, kwa sababu nyuzi za udongoni hazitoi tunda moja tu. Ukimpata, mtazame yeye: chini ya kofia kuna matamvua au vitundu? Ukimvunja, anatoa maziwa? Shina linakatika kama chaki, au linachanika nyuzi nyuzi? Lina pete? Ukichimbua kwa kisu pole pole bila kung'oa, chini kabisa kuna mfuko kama ganda la yai? Ukikata nyama, inageuka bluu? Haya yaandike kabla hujaenda hatua nyingine. Na usiseme "wanafanana" kwa kutazama kofia tu. Chimbua wote wawili, mgonjwa na mzima, uwalaze ubavu kwa ubavu.

Turudi kwenye uyoga wako wa unga wa binzari. Maelezo yako ni mazuri sana, kwa sababu umetaja vitundu na umetaja mabadiliko ya rangi. Uyoga wa vitundu, kwanza mweupe kama umepakwa unga wa sembe, halafu manjano ya dhahabu: dalili hizi ni za kuvu inayoitwa kitaalamu Hypomyces chrysospermus, au jamaa zake wa karibu sana, ambao hushambulia uyoga wa vitundu sehemu nyingi za dunia. Sina njia ya kuapa kwa jina la mwisho bila kuweka kipande chini ya hadubini, lakini kundi nina uhakika nalo.

Mwaka mmoja nilibeba mmoja wa namna hiyo, nikauweka juu ya sinia yenye karatasi nyeupe, nikaufunika na bakuli la kioo, nikawa nautazama asubuhi na jioni. Siku ya kwanza weupe ulikuwa pale shina linapokutana na kofia, kama mtu amepaka chaki kwa kidole. Vitundu vya sehemu hiyo vilikuwa vimezibwa. Siku ya pili weupe umeteremka nusu ya shina, na ukiugusa ni laini kama pamba ya dawa. Siku ya tatu nikaona manjano, si kila mahali, yalianzia kule kule weupe ulikoanzia. Siku ya tano uyoga wote ulikuwa wa dhahabu, na nilipogonga sinia kidogo, unga ukaanguka kwenye karatasi. Nilipoukata katikati, nyama ndani ilikuwa imelegea, ina rangi ya kahawia na harufu mbaya. Huo unga ndio spora zake, mbegu zenyewe. Niliweka chembe kwenye kioo cha hadubini na tone la maji. Kila chembe ilikuwa duara, ukuta mnene, imejaa vipele nje, kama fenesi dogo la dhahabu. Upana wake ni kati ya maikromita 10 na 25, na maikromita moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Mtu akiniletea unga wa manjano kutoka kwenye uyoga wa vitundu, nikaona mafenesi hayo, sihitaji kubishana naye tena.

Mafenesi hayo yana kazi. Ukuta ule mnene unaihifadhi mbegu wakati wa ukavu, na kwa mkoa kama wetu, unaopata mvua kuanzia Desemba hivi hadi Aprili kisha ukakaa miezi mingi bila tone, kiumbe chenye mbegu ya namna hiyo kina akiba. Kuvu hii ina mbegu za namna nyingine pia. Mwanzoni, wakati ni nyeupe, inatoa spora nyembamba za ukuta laini, za kusambaa haraka. Na mwishoni, ikibahatika kufika huko, inageuka nyekundu-kahawia na kutoa vipele vidogo vidogo ambavyo ndani yake kuna vifuko vyenye spora nane nane. Watu wengi hawafiki kuiona hatua hiyo, maana mwenyeji anakuwa ameshaoza.

Ndiyo maana ukitafuta kwenye simu utakutana na majina mawili ya kitu kimoja: Sepedonium na Hypomyces. Zamani wataalamu waliona unga wa dhahabu wakaupa jina lake, wakaona vipele wakavipa jina lake, wakidhani ni viumbe viwili. Katika karne ya 19 ndugu wawili wa Ufaransa, Louis René Tulasne na Charles Tulasne, walionyesha kwamba kuvu moja inaweza kuwa na sura kadhaa za uzazi. Charles ndiye aliyechora, na michoro yake mpaka leo inastaajabisha. Hata hivyo kanuni za majina ziliendelea kuruhusu kuvu moja kuwa na majina mawili hadi zilipobadilishwa mwaka 2011, na tangu 2013 kuvu moja inapaswa kuwa na jina moja. Kwa hiyo usichanganyikiwe, na usidhani umepata kuvu mbili juu ya uyoga mmoja.

Hizo nywele za pini ni ukoo mwingine kabisa, ulio karibu zaidi na ukungu wa mkate kuliko na uyoga. Umesema mwenyeji ni mdogo, mwembamba. Kama kofia yake ni kama kengele na shina ni kama uzi, wa kwanza kumfikiria ni Spinellus, ambaye hupenda viyoga hivyo. Nywele zake husimama wima, hazina matawi, kila moja na kichwa chake. Kama mwenyeji ni uyoga wa aina nyingine, na nywele zinagawanyika panda, panda tena panda, kama matawi ya mti, mfikirie Syzygites megalocarpus, anayekula uyoga wa aina nyingi. Huyu wa pili huanza mweupe au wa manjano hafifu, akaishia kijivu-kahawia, na anaenda mbio: asubuhi hayupo, kesho yake uyoga una manyoya. Lenzi ya mkono inatosha kuwatofautisha. Hata lenzi ya fundi saa itakusaidia. Huyo Syzygites namheshimu kwa jambo moja: mwanzoni mwa karne ya 19 Mjerumani Christian Gottfried Ehrenberg alimchunguza akaona nyuzi zake mbili zikikutana na kuungana kuzaa, na hapo ndipo watu walipoanza kujua kwamba kuvu nao wana ndoa. Jina lake linatokana na neno la Kigiriki la kufungwa nira pamoja.

Sasa ule wa kijani, nao nautaka usikilizwe na kila mtu mwenye watoto nyumbani. Uyoga mkubwa mweupe unaoota kwenye majani, uwanjani au kandokando ya nyumba baada ya mvua, kofia pana yenye magamba ya kahawia katikati, shina lenye pete inayoweza kusogezwa juu na chini kama pete ya kidole, matamvua meupe ukiwa mchanga kisha yakawa ya kijani-kijivu ukikomaa: huo unaitwa Chlorophyllum molybdites. Kijani kile ni spora zake mwenyewe. Ukidhani ni ukungu, utafanya lile ambalo watu hufanya, utachagua ile "mizima" isiyo na ukungu, yaani michanga yenye matamvua bado meupe, ukaipika. Na hiyo michanga ni sumu vile vile. Ndani ya saa chache mtu anatapika na kuharisha vibaya, na kwa mtoto mdogo upungufu wa maji ni hatari ya maisha.

Njia ya kuhakikisha ni rahisi. Kata shina, laza kofia juu ya karatasi nyeupe matamvua yakitazama chini, funika na bakuli, iache usiku kucha. Asubuhi inua. Uyoga huu huacha alama ya kijani kwenye karatasi, mistari mistari kama matamvua yalivyojipanga. Ukungu hauwezi kuchora mistari hiyo. Tena ukungu wa kijani hukaa kwa mabaka, yenye ukingo mweupe unaoendelea kukua, na hupanda popote, juu ya kofia, kwenye shina, kwenye jeraha la kisu. Haujui mpaka wa matamvua.

Na ikitokea mtu amekwisha kula uyoga asioujua akaanza kuumwa, mpelekeni kituo cha afya mara moja pamoja na mabaki ya uyoga, hata maganda ya jalalani. Msingoje kuona. Sumu mbaya kuliko zote za uyoga huchelewa kati ya saa 6 na 24 kabla ya kuonyesha dalili, kisha mgonjwa anaweza kupata nafuu ya uongo siku moja au mbili wakati ini linaharibika.

Ukungu wa kijani wa kweli nao upo. Jamaa wakubwa ni wale wa kundi la Trichoderma. Waulize wakulima wa uyoga mamama hapo mjini Dodoma, watakuonyesha mfuko ulioharibika: kwanza weupe unaofanana na nyuzi za mamama wenyewe, mkulima anafurahi, halafu ghafla kijani kibichi kinatokea katikati na ukingo unabaki mweupe. Aina nyingine za Trichoderma hunukia nazi. Nasema kweli, nazi iliyokunwa. Msituni utazikuta zaidi kwenye uyoga wa magogo na kwenye mbao zilizooza. Wakulima wana mwingine pia wa kumchunga, Cladobotryum, anayetandaa kama utando wa buibui juu ya udongo na kupanda kwenye uyoga hadi akaufunika wote. Huyo naye ni sura nyingine ya Hypomyces, na akizeeka baadhi ya aina zake huwa na wekundu hafifu.

Kuna vitu viwili vingine vinavyowadanganya watu, hata waliosoma, na nimewahi kudanganyika navyo nikiwa kijana. Cha kwanza ni vumbi jeupe juu ya kofia. Uyoga ukiota kwa vishada, kofia ya juu inadondosha spora juu ya kofia ya chini, na ya chini inaonekana imepakwa poda. Lowesha kidole, ufute. Kama poda imetoka yote na ngozi chini yake inang'aa bila kovu, hizo ni spora za jirani. Kuvu kimelea haifutiki hivyo. Nyuzi zake zimeshika ngozi, na ukifuta unabaki na mahali pamechubuka, au unavuta uzi. Cha pili ni viraka vyeupe vya ukoo wa Amanita. Uyoga wa ukoo huu huzaliwa ndani ya ngozi kama yai. Uyoga ukiipasua ngozi hiyo, vipande vinabaki juu ya kofia kama vitambaa vilivyochanika. Vinabanduka kwa ukucha vizima vizima, na chini ya shina utakuta mfuko au mabaki yake. Hapa kuna jambo zito: ukoo huu una uyoga unaoliwa kwenye miombo, kama Amanita loosii, na humo humo una wauaji. Mtu akiona viraka akasema "ukungu tu huu," akavikwangua na kuosha, ameondoa alama iliyokuwa imuonye.

Hilo ndilo jibu langu kwa jirani yako. Kuna kuvu vimelea ambavyo pengine visingemdhuru mtu, na kuna vinavyotiliwa shaka ya sumu, kama huo wa unga wa manjano. Ila hata tukiweka kando kimelea chenyewe, uyoga uliofunikwa huwezi kumjua ni nani. Pete imezibwa, viraka vimezibwa, matamvua yamepotea. Bibi yako amekufundisha uyoga kwa sura, kama alivyofundishwa na mama yake, na elimu hiyo ni ya kutegemea. Lakini inahitaji sura ionekane.

Na Wamarekani wa kwenye simu? Hao hawasemi uongo. Kule Marekani, Kanada na Mexico kuna Hypomyces lactifluorum, inayoshambulia uyoga mweupe wa koo za Russula na Lactifluus. Inauvika gamba gumu la rangi ya chungwa lenye vipele, matamvua yanabaki kama mikunjo tu, na uyoga uliokuwa mkali kama pilipili unakuwa wa kulika. Wanauita kwa jina la kamba koche kwa sababu ya rangi ya gamba lake akipikwa. Ukidondoshea tone la potasi kali ya maabara kwenye gamba lile, linageuka zambarau, na hiyo ni alama inayotusaidia kutambua baadhi ya jamaa za Hypomyces. Wanaula kwa sababu misitu yao wanaijua: wanajua katika mahali fulani, chini ya mti fulani, mwenyeji ni yupi. Hata huko wapo wanaoonya wachumaji kuhusu mwenyeji asiyejulikana. Kwetu koo hizo za Russula na Lactifluus ni nyingi chini ya miyombo, na karibu yake kumejaa Amanita. Ukikuta gamba la chungwa Chenene, lifurahie, lipige picha, uniletee. Sufuria isihusike.

Niongeze la vichuguu, maana najua mtauliza. Kwenye kichuguu kilichohamwa au kilichokufa mara nyingine huchomoza vidole vyeusi vyenye ncha nyeupe. Hivyo havili uyoga wa mchwa ukiwa umesimama. Vinatoka chini, kwenye bustani ambayo mchwa walikuwa wakilima kuvu yao, na ni vya kuvu nyingine iitwayo Pseudoxylaria. Mchwa wakiwa hai wanaizuia isiinuke, wakiondoka, inatamalaki. Ukiviona vidole hivyo, uyoga wa kichuguu hicho usiusubiri mwakani.

Kwa biashara yako nakushauri jambo moja la mikono. Chagua msituni, si nyumbani. Uyoga wenye unga wa manjano ukiuweka kwenye kikapu kimoja na mizima, yote inafika imepakwa manjano, na ikishakauka hakuna mnunuzi wala mtaalamu atakayetofautisha. Ulioshambuliwa uache pale pale ulipoota. Hauharibu msitu, kuvu hizi zimekuwepo huko siku zote na zina sehemu yake, na mti wako wa mtundu utazaa tena uyoga.

Ila mimi nitauomba mmoja. Mvua ijayo ukimpata wa manjano, piga picha juu, chini, ubavuni, na uliokatwa katikati, ukiweka sarafu ya shilingi mia mbili pembeni ili nijue ukubwa. Kisha mfunge kwenye gazeti au bahasha ya kaki, kamwe si nailoni, maana kwenye nailoni unatoa jasho na unafika uji. Mkaushe kivulini penye upepo, au mbali kidogo na jiko la mkaa lililopoa. Mtafute na ndugu yake mzima, umfunge peke yake kwenye bahasha ya pili. Juu ya kila bahasha andika tarehe, jina la mti uliokuwa juu yake kwa lugha mnayoitumia kijijini, na siku ngapi zimepita tangu mvua ya mwisho. Mwulize na bibi jina analouita huo uyoga mzima, uniandikie kama anavyolitamka yeye.